Aliyemgeuza Amur

Amur alipozinduka kutoka kwenye nusukaputi, jina la kwanza alilolitaja lilikuwa la dada yake, si la mke wake. Mke alikuwepo, amesimama kando ya kitanda ndani ya joho la kijani la hospitali, akalisikia. Alijiambia kwamba mtu aliyefunguliwa fuvu asubuhi hawezi kujua anachosema mchana. Hata hivyo lilimchoma, na lilimchoma zaidi kwa sababu muuguzi naye alilisikia.

"Radhia ni wewe?" akauliza muuguzi, mwanamke mnene wa makamo aliyeitwa Huguette.

"Apana. Mi ndio bibi yake. Radhia ni dada yake, iko inje."

Huguette alimgeukia mgonjwa. Alimwambia mgonjwa aoneshe vidole viwili, Amur akavionesha. Akamwambia akunje goti, akalikunja, ingawa kwa uvivu kama mtu anayeamshwa kwenda shule. Uvimbe wa ukubwa wa limau ulikuwa umetolewa upande wa kushoto wa kichwa chake, katika kliniki moja ya binafsi ya pale Bujumbura, na mpaka hapo mambo yalikuwa yamekwenda salama. Daktari Adrien, aliyempasua, alipita akammulika machoni kwa kurunzi ndogo, akasema vizuri, akaenda zake kunywa chai.

Ndipo Huguette akatoa masharti, tena aliyatoa mbio mbio kama mtu aliyechoka kuyasema. Kitanda kibaki kimeinuliwa upande wa kichwani. Mgonjwa asijikaze, asikohoe kwa nguvu, asipewe kitu kinywani. Kichwa kikae katikati, pua ielekee miguuni, kisigeuzwe kushoto wala kulia. Alieleza kwamba ubongo ulioshikwashikwa huvimba, na ndani ya fuvu hakuna nafasi ya kuvimbia, ni kama maharagwe yaliyoshindiliwa kwenye sufuria na kifuniko kikafungwa. Mke alielewa habari ya maharagwe. Ile habari ya pua kuelekea miguuni aliichukulia kuwa ni kwa ajili ya kidonda, mshono usije ukagusa mto. Hakuuliza, na Huguette hakuwa mtu wa kungoja maswali.

Nura ndilo jina la huyo mke. Alizaliwa Léoncie, binti wa karani wa serikali kule mtaa wa Kigobe, akabatizwa, akaimba kwaya, halafu akampenda Amur muuza vitambaa, akasilimu, akapewa jina jipya na kuolewa. Ukoo wa Amur ni Waarabu wa asili ya Oman, wenye maduka mjini tangu enzi za babu zao, na walimpokea kwa adabu zote. Mbele ya wageni walimwita Nura. Nyumbani walimwita Mama Alya, kwa jina la bintiye. Wakikasirika walimwita Léoncie, na wala hawakujua kwamba wanafanya hivyo. Yeye alijua.

Dada mtu, Radhia, alikuwa mjane mwenye heshima zake. Ndiye aliyemlea Amur mama yao alipofariki. Alimwogesha, alimpeleka madrasa, alimchagulia hata viatu vya sikukuu. Mke hakumchagulia.

Basi kliniki iliruhusu mlinzi mmoja tu wa mgonjwa kwa wakati mmoja, garde-malade kama wanavyomwita, na mlinzi huyo huvaa kitambulisho cha njano shingoni. Wanawake hawa wawili walikigombania kwa upole mkubwa. Huyu alimwambia mwenzake aende akapumzike, amechoka mno, na yule akajibu kwamba aliyechoka ni yeye, macho yake yanaonesha. Hakuna aliyekuwa na nia ya kupumzika. Mwishowe wakagawana zamu, kila mmoja akimshukuru mwenzake huku akimtilia shaka.

* * *

Zamu ya kwanza ya Radhia ilianza baada ya sala ya alasiri, Huguette akamkariria masharti yale yale mbio mbio. Alimkuta Amur macho, wakazungumza kidogo. Amur aliuliza kama duka limefunguliwa, akaambiwa aachane na duka. Kisha akasinzia, na uso wake ukabaki unatazama dari.

Hapo ndipo roho ya Radhia ilipoanza kutotulia. Kitanda kiliwekwa miguu ikielekea ziwani, kwa hiyo kibla ilikuwa mkono wa kulia wa mgonjwa. Baba yao alifia hospitalini uso umeelekea ukutani, hakuna aliyemgeuza, na walipokwenda kumwosha shingo ilikuwa imekwisha kukakamaa. Radhia hakuwahi kujisamehe kwa hilo. Mgonjwa aliye hatarini huelekezwa kibla, na kwao jambo hilo halina mjadala, kama kunawa kabla ya kula. Tena kidonda kilikuwa kushoto. Kumgeuzia kulia, aliwaza, ndiko kukiachia kidonda hewa. Akapitisha kiganja chini ya shavu la ndugu yake, akamgeuza taratibu mpaka kidevu kikakaribia bega, akakunja khanga yake na kuitia nyuma ya kichwa ili kisirudi. Kisha akachovya kidole katika kichupa cha maji ya zamzam, akampaka midomoni, akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Aliposikia viatu vya Huguette vinakuja, aliichomoa khanga na kukirudisha kichwa katikati. Hakuona kwamba anaficha kosa. Aliona anajiepusha na maneno ya mtu asiyejua dini yao.

Nura aliporudi jioni alimkuta mumewe ametapika. Macho yalikuwa mazito. Alipoambiwa aoneshe vidole viwili alionesha kimoja, na alipoambiwa tena hakuonesha hata hicho. Huguette alimwita Adrien, Adrien akaja amekunja uso. Aliogopa damu imevujia ndani, akaagiza mgonjwa apelekwe haraka kupigwa picha ya kichwa. Picha haikuonesha damu. Ilionesha ubongo uliovimba tu, na kuvimba kwa namna hiyo kulikuwa kumetarajiwa. Wakamtia dawa ya kunyonya maji ubongoni kwa njia ya dripu, na baada ya muda Amur akaonesha vidole vyake viwili kana kwamba hakuna lililotokea.

Adrien hakuridhika. Alisoma upya karatasi za dawa, akamuuliza Huguette nani aliandaa dripu ya mchana, kwa sauti iliyomfanya Huguette anune. Huguette naye akamnong'oneza mwenzake kwamba madaktari wakishindwa huwatafuta wauguzi. Nura alisikia yote mawili, akayaweka moyoni.

Asubuhi iliyofuata Amur alikuwa mzima kiasi cha kumtania mkewe kwamba kichwa kikinyolewa hivyo hata yeye anafanana na sheikh. Zamu ikawa ya Radhia. Kabla ya adhuhuri Amur alitapika tena, akawa mzito tena, mapigo ya moyo yakapungua kwenye mashine, na Adrien akaitwa tena mbio.

Safari hii Nura hakuamini kwamba ni bahati mbaya. Alijisemea moyoni: nikiwa mimi, anatania, akiwa yeye, anazama. Hakufikiri kwamba Radhia anataka kumuua ndugu yake. Alifikiri jambo ambalo kwake lilikuwa karibu zaidi, kwamba wifi yake amekwenda kwa waganga wake wa kombe na mizizi, akaletewa dawa, na anamnywesha kwa siri kwa kuwa haamini madaktari. Kadiri alivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kuwa kweli. Radhia alipokwenda kutia udhu, Nura aliufungua mkoba wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote maishani mwake, na akakikuta kichupa. Hakikuwa na jina wala alama. Alikipeleka moja kwa moja kwa Adrien.

"Docteur, kila akikaa na yeye anaaribika. Sasa angalia hii."

Radhia aliitwa. Alisema ni maji ya zamzam na kwamba alimpaka mdomoni tu, hakumnywesha. Ilikuwa kweli tupu. Lakini alisema huku sauti inatetemeka, kwa sababu alipoitwa ghafla alidhani anaulizwa habari ya khanga, na Adrien aliuona ule mtetemeko. Hakuna aliyemuuliza habari ya khanga, naye hakuisema. Akaondolewa kitambulisho cha njano, akaambiwa asiingie tena bila ruhusa ya daktari.

Pale mlangoni askari wa kliniki alipewa amri ya kumpekua. Alivitoa vitu vya mkobani kimoja kimoja juu ya meza mbele ya watu waliokuwa wakingoja: tasbihi, kitana, tende chache katika mfuko wa nailoni, mswaki. Alikinusa kichupa, ambacho daktari alikuwa amemrudishia mwenyewe, akakitikisa, akamuuliza mama huyu wa watu kama ndani hamna kitu kingine. Radhia, ambaye katika mtaa wao watu humpisha njiani, alikosa pa kuweka uso. Alivirudisha vitu vyake mkobani bila kuvipanga, akaenda kukaa kwenye benchi la mwisho la ukumbi.

Nura alimtazama kwa mbali. Alimwonea huruma, na wakati huo huo alifurahi, na furaha hiyo hakuijutia bado.

* * *

Mchana ule alifika Muadh, kaka yao wa kati. Kazi yake ni kutoa mizigo ya wafanyabiashara pale bandarini, na kwa miaka mingi ya kugombana na maofisa wa forodha alikuwa amezoea kushinda kwa sauti. Yeye ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya gharama za upasuaji, jambo ambalo ukoo mzima ulilijua kwa kuwa hakuliacha lisahaulike. Alipomkuta dada yake mkubwa benchini macho yamemwiva, akasikia kilichotokea, alimwendea Adrien na kumwambia kwamba hawezi kukubali mama aliyewalea apekuliwe kama mwizi wa sokoni.

Adrien alikuwa amechoka. Alikubali Radhia aingie amsalimie ndugu yake mara moja tu, mikono mitupu, Huguette akiwa amesimama naye. Radhia akaingia. Amur alikuwa amelala, amepewa dawa ya kumtuliza. Radhia aliibana mikono yake makwapani kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu vya watu, akasimama hatua mbili kutoka kitandani, akasoma dua yake, akatoka. Hakumgusa hata shuka. Huguette alikuwa amekwisha kuondoka kabla yake, kwa sababu mgonjwa wa nyuma ya pazia alianza kuchomoa mrija wake, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono.

Wakati huo Muadh alikuwa amemvuta Nura pembeni ya mlango. Mara hii hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Nura kuliko makelele.

"Léoncie, sikia. Munganga anasema hali ya ndugu yetu ni mubaya. We umefukuza dada yake apa, sawa. Lakini akienda akiangalia juu ku plafond kama watu wa kwenu, sisi wote tutajua ni nani alimukosesha kibla. Na mu ile nyumba hutakaa, na mutoto utamuacha."

Nura alitaka kumwambia kwamba watu wa kwake ni wao. Hakuweza. Alikwisha kulijibu neno hilo kwa namna zote, kwa kufunga, kwa kuswali, kwa kupika sambusa za arubaini nzima za misiba yao, na bado alikuwa pale pale mlangoni. Alivaa kitambulisho cha njano akaingia ndani, akavuta pazia.

Amur alilala uso juu. Nura alimwangalia kwa muda mrefu. Kumbe Muadh ana haki, aliwaza, hakuna aliyemwelekeza. Mimi nimemzuia dada yake na mwenyewe nimekaa tu. Alikumbuka sharti la Huguette, na akakumbuka pia kwamba sharti ni kwa ajili ya kidonda, na kidonda kiko kushoto. Kibla aliijua vizuri, pengine kuliko wengi wa ukoo ule, maana yeye alifundishwa akiwa mtu mzima na kila alichofundishwa aliogopa kukikosea. Akaweka kiganja chini ya shavu la mumewe.

"Baba Alya, nisamehe, nimechelewa," akamwambia, akamgeuza kulia mpaka kidevu kikagusa bega.

Alikishika kichwa hivyo hivyo kwa mkono wake, akainama sikioni, akaanza kumsomea shahada polepole. Alijisikia, kwa mara ya kwanza tangu upasuaji, kuwa mke halali wa mtu yule. Kisha mashine ikaanza kulia.

Mapigo ya moyo yalikuwa yakishuka na shinikizo la damu likipanda. Amur alianza kukoroma, si koromo la usingizi, ni koromo la mtu anayekokota pumzi. Nura aliona mauti yamefika, na Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichokihisi ni shukrani kwamba alimwahi. Badala ya kukiachia kichwa akakishika kwa nguvu zaidi, akazidisha kusoma, machozi yakimdondoka juu ya shuka. Halafu akaogopa. Akakiachia, akarudi nyuma hadi ukutani, na kichwa kikabaki pale pale alipokiweka.

Huguette alilipasua pazia. Alikinyoosha kichwa kwa mikono miwili, akasukuma kitanda juu, akamwita Adrien kwa jina bila kutanguliza cheo, akisema kichwa kimegeuzwa. Adrien aliingia mbio, akalifunua jicho la Amur, akakuta mboni moja imetanuka na haisinyai kwa mwanga. Alisema dawa, dozi, haraka. Ilipokwisha kuingia mshipani, na mapigo yalipoanza kurudi moja moja, ndipo alipogeuka.

"Nani amegeuza kichwa yake?"

Adrien alieleza kwa hasira, kidole kikiwa shingoni mwake mwenyewe. Damu inayoingia kichwani hurudi kwa mishipa hii ya shingo. Ukimgeuza mtu namna hii mshipa unakunjika kama bomba la bustani, damu inaingia lakini haitoki, na ndani ya fuvu lililovimba tayari inakuwa hakuna pa kupumulia. Kidonda hakihusiki. Alitazama vidole vyake, akatazama mashine, na Nura akaona jinsi anavyounganisha mambo: jana jioni, leo asubuhi, sasa hivi.

"Dada yake ametoka apa sasa tu," akasema Huguette.

Alisema hivyo na akanyamaza, kwa kuwa neno la pili lingekuwa kueleza yeye mwenyewe alikuwa wapi. Nura alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

* * *

Adrien alimuuliza Radhia pale pale ukumbini, mbele ya Muadh na mbele ya wote waliokuwa wakingoja wagonjwa wao, kwa sababu hasira zilimzidi. Radhia aliinuka benchini. Alisikiliza habari ya mshipa na bomba mpaka mwisho, na rangi ikamtoka.

"Jana nilimugeuza," akasema. "Na leo asubui. Niliweka khanga. Ni kwa ajili ya kibla, docteur, mi sikujua."

"Na sasa hivi?"

Radhia aliitazama mikono yake, mbele na nyuma. Alijaribu kukumbuka alivyosimama, na kadiri alivyojaribu ndivyo alivyozidi kuiona ile mikono ikipita chini ya shavu la ndugu yake, jana, asubuhi, na pengine leo mchana pia.

"Sizani," akasema. "Lakini sijui. Mikono yangu siiamini tena."

Hilo liliwatosha. Muadh alimgeuzia dada yake mgongo. Mwanamume aliyekuja kumtetea saa chache tu zilizopita alimwambia kwamba uzee ni uzee lakini huu ni ujinga, na watu wote wakasikia. Kisha akamwendea Nura, akainamisha kichwa kidogo, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

"Nura, unisamehe. We uliona mapema, sisi tulikuwa vipofu."

Nura alilisikia jina lake likitoka kinywani mwa Muadh, mbele ya watu, na tena Muadh akiwa amekasirika. Miaka yote aliyongoja jambo hilo hakufikiri kwamba likija litamtia kichefuchefu. Alisema hakuna neno.

Adrien aliwaambia wazi. Kama mgonjwa hatafumbua macho kabla ya magharibi, atamrudisha chumba cha upasuaji, atafungua tena, na kipande cha mfupa wa fuvu atakiacha nje ili ubongo upate nafasi. Mtu akifunguliwa mara ya pili katika hali ile, alisema, hawezi kuahidi atatoka vipi, kama atasema, kama atatembea. Kitambulisho cha njano kibaki kwa mke peke yake.

Basi Nura akakaa kando ya kitanda cha mumewe mchana wote uliobaki. Alikitazama kichwa kilichonyooka, pua ikielekea miguuni, na mikono yake aliikalia. Kila mashine ilipobadilisha sauti, aliinuka nusu, kisha akaikalia tena. Alijiambia atasema. Alijiambia asubiri kwanza Amur afumbue macho, kisha atasema. Alijiambia pia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujidanganya sana, kwamba Amur akifumbua macho itakuwa vigumu zaidi.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa milima ya Kongo Amur alipofumbua macho. Huguette alimwambia aoneshe vidole viwili. Alionesha vitatu, akafikiri, akakunja kimoja. Huguette alicheka mpaka akajifuta machozi, na Adrien, aliyekuwa amekwisha kuagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe, aliegemea ukuta, akavuta pumzi. Aliwaonya kwamba siku zinazofuata mgonjwa asitiwe hasira wala uchungu wa aina yoyote, kwani hata kulia kunapandisha shinikizo kichwani.

* * *

Radhia alikuwa bado benchini. Watu waliokaa karibu naye mchana walikuwa wamesogea mmoja mmoja. Muadh alikuwa nje, akiwapigia jamaa simu kuwaeleza kwamba Amur ameamka, na kuwaeleza pia ni nani aliyekaribia kumuua.

Nura alikuja akaketi karibu naye, akamwambia amefumbua macho. Radhia alisema alhamdulillah, akasema tena na tena, mpaka midomo ikachoka. Hakuomba kuingia.

"Dada," akasema Nura, "ya leo si we. Ya leo ni mi."

Radhia hakugeuka.

"Muadh aliniambia atakufa bila kibla. Mi nikamugeuza. Nilimushika ivi, kwa nguvu, na mashine inalia. We haukumugusa."

Machela ilipita mbele yao, watu wakakunja miguu kuipisha. Nura alingoja kofi, alingoja jina lake la zamani, na alikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Ulimusomea?" akauliza Radhia.

"Nilimusomea."

"Vizuri."

Nura aliinuka, akasema anakwenda kumwambia Muadh sasa hivi, kabla hajamaliza kupiga simu. Radhia alimshika mkono, akamvuta chini kwa nguvu ambazo Nura hakudhani anazo.

"Kaa. We ukisema watakufukuza, na Alya watamubakisha. Mi watanifanya nini? Watanuna, watasema, siku ya Idi watakuja kunisalimia. Mi ni damu yao." Akamwachia mkono. "We haujakuwa bado."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja njia ilipofungwa, ili mwenzake asipoteze muda kwenda huko. Na Nura, ambaye alikuwa amejikaza asilie tangu mchana, alilia hapo, kwa kuwa aliyemwambia ukweli huo ndiye pekee aliyemtendea wema siku ile.

Aliporudi ndani alimkuta Muadh ameingia bila joho, anatoka. Amemsalimia ndugu yake. Amemweleza.

Amur alikuwa macho. Ulimi wake ulikuwa bado mzito, ikabidi Nura ainame ili amsikie.

"Muadh anasema ni dada alinigeuza. Mara tatu."

Nura alinyoosha pembe ya shuka.

"Ni kweli?"

Aliiona hofu machoni mwa mumewe, hofu ya mtoto aliyeambiwa jambo baya juu ya mama yake. Aliitazama mashine, akaona namba zimeanza kupanda kidogo kwa ajili ya swali tu. Alimkumbuka Adrien na onyo lake. Akashukuru kwamba kuna onyo, na papo hapo akaona aibu kubwa kwa kushukuru.

"Ni kweli," akasema. "Hakujua."

Amur alifumba macho. Nura akadhani amelala.

"Asinishike tena," akasema. "Umuambie. Asinishike tena."

"Nitamuambia," akasema Nura, akamfunika miguu.